Pikapu ya mifuko ya upepo: mfumo upime presha au upime kimo?

Msomaji ameniandikia hivi: "Fundi, habari za kazi. Naitengeneza pikapu yangu upya. Springi za koili za mbele na za majani za nyuma nimeshazitoa, nimefunga mifuko minne ya upepo, tangi la lita 19 na kompresa mbili. Kilichobaki ni mfumo wa kuiongoza. Nimeonyeshwa aina tatu: valvu za kufungua kwa mkono pamoja na geji zake, mfumo wa kompyuta unaopima presha, na mwingine unaopima kimo cha gari kwa vihisi. Bei zinapishana sana. Siku za kazi nabeba vifaa, kama kilo 300 hivi, na mwisho wa wiki nataka gari lilale chini kabisa kwenye maonyesho. Nichukue upi?"

Ndugu yangu, chukua unaopima kimo, na kama fedha inatosha, uwe unasoma na presha pia. Jibu hilo limetokana na zile kilo 300. Ungeniambia kwamba pikapu haibebi kitu zaidi yako na mafuta, ningekujibu tofauti, na pengine ningekuokolea fedha nyingi. Lakini umesema inabeba, tena siku nyingine inabeba na siku nyingine haibebi, na hapo ndipo mfumo wa presha unapokwama.

Presha inakueleza jambo moja tu, nalo ni uzito uliokaa juu ya mfuko ukigawanywa kwa eneo la mfuko linalousukuma. Haikuelezi gari limesimama juu kiasi gani. Tuseme mfuko wa nyuma upande mmoja umebeba kilo 300, na eneo lake linalofanya kazi ni sentimita za mraba 130. Kilo 300 kwa 130 ni kilo 2.3 kwa kila sentimita ya mraba, yaani PSI 33 hivi (paundi kwa kila inchi ya mraba). Umeridhika na kimo hicho, ukakihifadhi kwenye kitufe cha pili. Jumatatu unapakia vifaa vyako, na kilo 150 zinaangukia upande huo. Sasa mfuko umebeba 450, na ili gari lisimame palepale lilipokuwa, mfuko unahitaji kilo 3.5 kwa sentimita ya mraba, karibu PSI 49.

Bonyeza sasa kitufe cha pili uone. Gari limeshashuka kwa uzito, na presha ndani ya mfuko imepanda yenyewe kuelekea 49. Kompyuta inayojua presha tu inaona upepo umezidi, maana iliagizwa 33. Inafungua valvu ya kutolea na kulishusha gari zaidi, wakati uleule ambao wewe ulitaka linyanyuke. Haijaharibika, imefanya kama ilivyoagizwa. Nimeletewa magari ya namna hii yakiwa na bloku jipya la valvu, yaani kasha linalobeba valvu zote, lililobadilishwa bila faida, kwa sababu mwenye gari aliamini la kwanza lilikuwa bovu.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, ndiyo maana mifumo hiyo huja na vitufe kadhaa vya kumbukumbu, ili kimoja ukiwekee gari tupu na kingine gari lenye mzigo. Inasaidia kama mzigo ni uleule kila mara na unapangwa palepale. Vifaa vya kazi havikai hivyo. Leo sanduku zito liko kulia, kesho liko nyuma ya kabini, na ni wewe mmoja tu utakayebonyeza kitufe sahihi. Akiendesha mwingine, hatajua.

Joto nalo lina mambo yake, na hapa hata mafundi wazoefu huteleza. Wengi husema jua likiwaka presha ya mifuko hupanda. Ya tangi hupanda kweli, kwa sababu tangi halitanuki. Mfuko unatanuka. Uzito ulio juu yake haujabadilika, kwa hiyo presha yake inabaki karibu palepale, na kinachopanda ni gari. Upepo ukitoka nyuzi 20 hadi 50 za Selsiasi hutanuka kwa takriban asilimia 10. Kwenye mfuko uliosimama sentimita 13, hiyo ni sentimita moja na zaidi kidogo, na geji haitaonyesha kitu. Usiku hewa ikipoa gari linashuka tena, na mwenye gari anazunguka na povu la sabuni akitafuta uvujaji ambao haupo. Kihisi cha kimo kinauona mwendo huo wote.

Kuna na msuguano. Bushi mpya, hasa zile ngumu, hushika. Gari likipanda mpaka PSI 40 husimama kwenye kimo kimoja, na likishuka mpaka PSI 40 husimama kwenye kingine. Umbo la mfuko nalo linahusika. Mfuko wa mikunjo miwili, ule unaofanana na maandazi mawili yaliyobebana, eneo lake linaongezeka kadiri unavyobanwa, kwa hiyo presha moja inaelekea kuwa na kimo chake. Mfuko ulionyooka kama mkono wa shati, unaojikunja juu ya pistoni iliyo sawa juu na chini, eneo lake halibadiliki sana katika sehemu kubwa ya mwendo wake. Kwa mfuko kama huo, presha ileile inaweza kulibeba gari kwenye vimo vingi tofauti. Kama ndio uliofunga nyuma, mfumo wa presha peke yake nisingekushauri hata kama hubebi mzigo.

Malori na mabasi yaliuona ukweli huu zamani. Chungulia karibu na ekseli ya nyuma ya basi lenye mifuko ya upepo. Utaona valvu ndogo imefungwa kwenye chasisi, ina mkono, na mkono umeungwa na ekseli kwa kifimbo. Abiria wakijaa, chasisi inashuka, mkono unasukumwa juu, valvu inaingiza upepo mpaka kimo kirudi. Wakishuka, inatoa. Haina skrini wala kitufe. Nyingi za valvu hizo zimechelewesha mwitikio wake makusudi, zisikimbizane na kila shimo la barabara na kumaliza upepo wa tangi. Mfumo wa kompyuta unaopima kimo ni wazo lilelile, isipokuwa una pembe nne na unaweza kukumbuka vimo vitatu au zaidi, kikiwemo kile cha kulala chini unachokitaka wewe.

Valvu za mkono sizidharau hata kidogo. Gari la maonyesho linalobeba uzito uleule siku zote, mwenyewe akiwa ndiye dereva pekee, valvu nne nzuri na geji mbili za mishale miwili zinamtosha miaka mingi, na zikiharibika anatengeneza kwa spana. Hazikwami betri ikiisha. Ila zina mtego mmoja ambao lazima niutaje, kwa sababu hurudiwa mara nyingi na ni wa hatari. Ili kupunguza gharama, mtu huunganisha mifuko miwili ya mbele kwenye valvu moja, na miwili ya nyuma kwenye nyingine. Gari likikata kona, uzito huelemea upande wa nje, mfuko wa nje unabanwa, na upepo wake unapita kwenye muungano kwenda kuujaza mfuko wa ndani. Gari linalala upande, na kadiri linavyolala upepo unazidi kuhama. Pikapu yenye mzigo juu inaweza kumshinda dereva kwenye kona ambayo springi za kawaida zingeipita bila shida. Mfumo wowote utakaouchagua, kila gurudumu liwe na valvu yake ya kuingiza na ya kutoa.

Sasa niseme na udhaifu wa kimo, maana muuzaji hatakuambia. Mafiga ni matatu, na chungu hakitikisiki hata ardhi ikiwa na matuta. Meza ya miguu minne inatikisika, kwa sababu mguu wa nne hauna hakika ya kugusa. Gari lina miguu minne. Inawezekana kabisa pembe zote nne zikawa kwenye kimo sahihi mpaka milimita, huku mbele kushoto na nyuma kulia kumejaa PSI 70, na pembe mbili nyingine ziko 40. Kwa macho gari limenyooka. Kwa uzito, limesimama kwa magurudumu mawili yanayokingamana, na mengine mawili yamegusa tu. Ukifunga breki barabara ikiwa na maji, gurudumu la mbele lisilo na uzito ndilo linaloteleza kwanza, na usukani unavuta.

Hii ndiyo sababu ya kusema uwe unasoma na presha pia. Mfumo mzuri wa aina hiyo, wakati wa kuupanga, huangalia kama presha za pembe zinazokingamana zimeachana mno na kuzirudisha karibu bila kupoteza kimo. Kama utaishia kununua unaopima kimo tu, fanya kazi hiyo kwa mkono mara moja. Funga geji kwenye kila paipu, simamisha gari mahali tambarare kabisa, kisha linganisha kushoto na kulia mbele. Tofauti ndogo ni ya kawaida, betri na dereva wana upande wao. Ikiwa kubwa, shusha kidogo kimo ulichokiagiza kwa pembe mbili zilizojaa na pandisha kidogo cha zile mbili nyingine, milimita mbili tatu kwa wakati mmoja. Utashangaa presha zinavyokaribiana huku gari halionekani kusogea.

Kuhusu valvu na paipu, watu wengi huona fahari gari likiruka juu kwa nusu sekunde. Kwa mfumo wa kompyuta hiyo ni adha. Paipu ya nailoni ya 3/8 ya inchi ina nafasi ya ndani zaidi ya maradufu ya ile ya robo inchi, na ya nusu inchi ndiyo usiseme. Upepo ukiingia kwa kasi kuliko kompyuta inavyoweza kufunga valvu, gari linapitiliza kimo, linashushwa, linapitiliza kwenda chini, linapandishwa tena. Kila safari hiyo inakula upepo wa tangi na kuchosha valvu. Kwenye mfumo wa presha shida ni nyingine. Kihisi cha presha mara nyingi kiko ndani ya bloku la valvu, na upepo unapopita kwa kasi kinasoma presha ya paipu, siyo ya mfuko. Ndiyo maana mifumo hiyo hujaza, husita, husoma, hujaza tena. Kwa pikapu yako, 3/8 mbele na nyuma ni sawa. Nyuma ikiwa tupu ikaonekana inaruka, punguza iwe robo inchi, na mfumo utatulia. Nunua paipu zilizoidhinishwa kwa breki za upepo za malori, zikate kwa kikatio chake ili ncha ikae mraba, kwa sababu ncha iliyokatwa mshazari kwa kisu ni chanzo kimojawapo kikubwa cha uvujaji kwenye viungio vya kuchomeka. Kwenye nyuzi za viungio tumia gundi ya majimaji ya kuzibia. Ukilazimika kutumia utepe mweupe, acha uzi wa kwanza wazi. Kipande kidogo cha utepe kikiingia kwenye valvu, haitafunga tena vizuri, na gari litakuwa linainama pembe moja kila asubuhi.

Tangi na kompresa zako zinatosha. Lita 19 zikishuka kutoka PSI 200 hadi 150 hutoa kama lita 65 za upepo wa kawaida, na kuinua mifuko minne ya ukubwa huo kutoka chini mpaka PSI 50 huchukua karibu nusu tu ya hizo. Angalia tu kwamba kompresa zinapangiwa muda wa kupumzika. Iliyoandikwa asilimia 33, ikifanya kazi dakika 10 inatakiwa kupumzika 20, na iliyoandikwa asilimia 100 mara nyingi imepimwa kwa PSI 100, siyo 200. Kichujio cha maji kiweke baada ya tangi, kabla ya bloku la valvu. Upepo unaotoka kompresa ni wa moto na unabeba mvuke, na mvuke huo hugeuka maji ukishapoa ndani ya tangi, kwa hiyo kichujio kilichokaa kabla ya tangi kitakusanya kidogo tu. Na tangi liwe na koki ya kumwagia maji chini, uifungue mara kwa mara.

Vihisi ndivyo vitakavyoamua kama utaufurahia mfumo au utauchukia, na hapa nakuomba uwe mvumilivu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kihisi, au sensa kama mafundi wengi wanavyoita, kina mkono unaozunguka, na kompyuta inasoma pembe ya mkono huo. Kazi yako ni kuhakikisha mwendo wote wa gurudumu, kutoka gari limelala mpaka limenyanyuka mwisho, unauzungusha mkono kiasi cha kutosha bila kuuvusha mpaka wake. Ukizunguka kidogo mno, kompyuta haitofautishi sentimita moja na mbili. Ukizunguka mno, mkono na kifimbo vinanyooka mstari mmoja, kisha vinapinduka upande wa pili. Hapo usomaji unageuka. Gari likipanda, kompyuta inaona linashuka, inaendelea kujaza, na mfuko unafika mwisho wa uwezo wake. Niliwahi kuona mfuko uliochanika kwenye bamba la juu kwa sababu hiyo, kifimbo kilikuwa kifupi kwa sentimita mbili tu.

Kwa hiyo kabla ya kufunga boliti ya mwisho, toa upepo wote, chomoa paipu za mifuko, weka gari kwenye stendi za chuma imara, kisha pandisha na kushusha ekseli kwa jeki kutoka mwisho hadi mwisho huku ukiutazama ule mkono wa kihisi. Kwenye kimo cha kuendeshea, mkono na kifimbo vikutane karibu na pembe mraba, na kihisi kiwe karibu na katikati ya mwendo wake. Mbele, kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu, ukifunga kifimbo karibu na bushi kinatembea kidogo, ukikifunga karibu na gurudumu kinatembea sana. Tafuta pale ambapo mwendo unalingana na kihisi ulichonunua. Nyuma, kama ekseli imeshikwa na fimbo ya kukingama, inasogea pia pembeni ikipanda na kushuka, kwa hiyo vifimbo viwe na vichwa vya mpira unaozunguka, siyo vya bushi ngumu. Geuza usukani mwisho kulia na mwisho kushoto gari likiwa limelala, uone tairi haligusi waya. Kaa mbali na bomba la moshi.

Kupanga vimo fanya wakati gari limesimama kwa magurudumu yake sakafuni, limesukumwa mbele na nyuma kidogo ili bushi zitulie, tangi la mafuta nusu, vifaa vya kazi vimetolewa. Usipange gari likiwa kwenye jeki. Na kimo cha kuendeshea usikichague kwa macho tu. Kichague pale ambapo shokapu ina nafasi ya kutosha juu na chini, krosi za propela shafti hazijakunjika kupita kiasi, na mfuko haugusi chochote hata gari likibanwa. Alaimenti ya magurudumu ifanywe kwenye kimo hicho hicho. Raba za kizuizi ziwepo, maana mfuko ukipasuka, raba hizo ndizo zitakazobeba gari mpaka usimame pembeni.

Jambo moja ambalo mfumo wa kimo hulificha ni uvujaji. Kwa valvu za mkono, pembe ikivuja unaiona asubuhi imelala. Mfumo wa kimo unaweza kuijaza kimyakimya kila inaposhuka, kompresa zinawaka mara nyingi kuliko zamani, na siku moja betri haiwashi gari. Kompresa mbili za aina hiyo zinaweza kuvuta karibu ampea 40 kwa pamoja, na hiyo si ya kuchezea. Kila moja iwe na rilei na fyuzi yake, fyuzi ikae karibu na betri, na kompyuta ipate waya wake wa ardhi unaojitegemea. Chagua mfumo unaokuruhusu kuzima kujisawazisha gari likiwa limezimwa. Kisha mara moja kwa mwezi uzime usiku kucha, upime kimo cha kila pembe kwa utepe jioni na asubuhi. Cadillac iliweka springi za upepo zinazojisawazisha kwenye Eldorado Brougham ya mwaka 1957, na magari mengi ya aina hiyo yaligeuzwa baadaye kuwa ya koili kwa sababu upepo ulikuwa unavuja. Tatizo lilikuwa kwenye kuziba, na hata leo kompyuta bora kuliko zote haitaziba kiungio kilichokatwa vibaya.

Na jeki. Ukiinyanyua pikapu kubadilisha tairi, magurudumu yananing'inia, vihisi vinasoma kwamba gari liko juu mno, na kompyuta ikiwa macho inatoa upepo wote kwenye mifuko ili kulishusha. Ukilirudisha chini halina kitu cha kulibeba, linaanguka juu ya raba za kizuizi, na mkono au mguu uliokuwa chini unabanwa. Toa fyuzi ya mfumo kabla ya kugusa jeki, kila mara, na mwenzako yeyote anayeendesha gari hilo umfundishe mahali fyuzi ilipo. Chini ya gari hapaingiwi likiwa limebebwa na mifuko peke yake, hata kwa dakika moja ya kufunga nati.

Kuhusu majina, 3P ya Air Lift Performance inapima presha, na 3H yao inaongeza vihisi vya kimo. Aliyeanza na 3P anaweza kuongeza vihisi baadaye. Njia hiyo inakufaa kama fedha haitoshi sasa, ila mpaka siku ya kuongeza, hifadhi kitufe kimoja cha gari tupu na kimoja cha mzigo wako wa kawaida, na usiamini kitufe bila kushuka kutazama. e-Level ya AccuAir ilijengwa juu ya kimo tangu mwanzo. Kampuni hiyo ilifunga milango mwaka 2020, kisha ikachukuliwa na Arnott. Nalitaja hili ili kabla ya kulipia mfumo wowote uulize kihisi kimoja kinauzwa peke yake au lazima ununue seti, na kama valvu moja ikifa inabadilishwa yenyewe au bloku zima linatupwa. Uliza pia kama viungio ni vya nyuzi za kawaida zinazoingiliana na za kampuni nyingine. Muuzaji anayeshindwa kujibu maswali haya hatakusaidia baada ya kupokea fedha.

Kitu kimoja cha bei ndogo kiongeze bila kujali utachagua nini. Kwenye kila paipu, kati ya bloku la valvu na mfuko, weka kiungio cha njia tatu chenye valvu ya kujazia kama ya tairi. Kompyuta ikizima ukiwa njiani na mzigo nyuma, unajaza kila mfuko kwa pampu yoyote ya tairi mpaka gari liinuke kwenye raba, na unaendesha polepole hadi kwa fundi. Valvu hizo hizo ndizo utakazofungia geji ukilinganisha presha za pembe kama nilivyoeleza juu.

Ukipata nafasi, pima mambo mawili uniandikie: mkono wa chini wa mbele unatembea sentimita ngapi kutoka gari limelala mpaka limenyanyuka mwisho, ukipimia mahali unapotaka kufunga kifimbo, na mfuko wa nyuma umekaa juu ya ekseli yenyewe au juu ya fimbo mbele yake. Kama uko katikati ya fimbo, unabeba karibu mara mbili ya uzito unaofika kwenye gurudumu, na hesabu yangu ya PSI 33 na 49 itabidi tuirudie kabla hujanunua paipu.